Maksai wa Wajane Kwenye Zizi la Masunga

Jumanne, 12 Septemba

Umeme umekatika asubuhi, fotokopi imelala. Wateja wa daftari tu. Nikapata nafasi ya kumalizia taarifa ya mwaka ya Jembe la Mama, asasi yetu ya wajane. Katibu ni mimi. Mihutasari naandika mimi, ada ya mwaka nakumbusha mimi, mhuri unakaa kwenye droo ya duka langu. Mwenyekiti ni Milembe. Kazi yake ni kupendwa.

Mchana wamemhoji redioni, Bariadi. Wateja wawili wamesimama dukani kwangu kumsikiliza kwenye simu. Amesimulia tena ile habari: rafiki yake alifiwa na mume, mashemeji wakaswaga ng'ombe wote, masika ikakuta shamba halijaguswa, ndipo yeye akamletea maksai wa mumewe wamlimie. Asasi yetu ikaanzia hapo. Huyo rafiki ni mimi. Jina hakulitaja. Mteja mmoja amefuta machozi, kisha akaniomba bahasha ya kaki.

Mume aliyekufa ni wangu. Ng'ombe walioswagwa ni wangu. Habari imekuwa ya Milembe.

Namwonea wivu. Naandika hivyo hivyo ilivyo, maana hapa hasomi mtu.

Jumamosi, 16 Septemba

Nimekwenda kwa Milembe kuchukua saini yake. Nimekuta maksai wanatoka kunywa maji. Wanne: Diwani na Karani, Bosi na Mgeni. Majina waliwapa wajane wenyewe, Diwani kwa sababu ya tumbo. Wafadhili walitununulia hao walime mashamba ya wajane wa hapa Mwamapalala, na tangu wafike wanalala kwenye zizi la Masunga, mume wa Milembe. Hakuna aliyeandika neno. Nani angeandika? Kwetu ng'ombe unampa mtu akutunzie, yeye anapata samadi na heshima ya zizi lililojaa, wewe unalala usingizi. Mababu walifanya hivyo, na wajukuu wanafanya hivyo.

Ila Masunga amewapiga chapa yake pajani, ili wasipotee malishoni. Ukisimama langoni hujui yupi wa wajane, yupi wa Masunga.

Niliwahi kusema kikaoni kwamba hii si sawa. Mali ya asasi iwe na alama ya asasi. Anayeitunza awe na mkataba, hata kama ni mume wa mwenyekiti. Hasa kama ni mume wa mwenyekiti. Milembe akacheka: "Katibu, kwani Masunga atawala?" Kikao kizima kikacheka naye. Sikurudia.

Leo amesaini huku anasonga ugali, unga kwenye vidole. Hakusoma hata mstari. Na mimi nikasaini chini yake.

Alhamisi, 21 Septemba

Milembe amealikwa kuongea kwenye mkutano wa wanawake, mkoani. Nafasi ni moja. Mimi nilishanunua kitenge nikidhani tunakwenda wawili. Cha zambarau na njano, mpya kabisa, kimekaa kwenye sanduku.

Hotuba nimeandika mimi. Jioni picha imesambaa kwenye simu za watu: Milembe ameshika kamba ya Diwani, anacheka, meno yote nje. Picha ya zamani, wameichukua kwenye flashi yangu dukani. Kwenye ile picha mimi pia nilikuwepo. Wamenikata. Umebaki mkono wangu, kwenye pembe ya ng'ombe.

Nimekula michembe, viazi vikavu, peke yangu nikalala na njaa ya kitu kingine.

Jumapili, 24 Septemba

Leo nimeona jambo.

Jilala, mdogo wake Masunga, anaoa binti wa kijiji cha Zagayu. Upande wa binti wamekuja kwa Masunga kuchagua ng'ombe wa mahari. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake wengine, moshi machoni. Wazee wakazunguka zizi taratibu, wanashika migongo, wanatazama meno. Baba wa binti ni mzee mrefu, mpole, fimbo kwapani. Wamechagua majike. Kisha fimbo ikanyooshwa kwa Diwani. Kisha kwa Karani.

Masunga akatazama chapa yake kwenye mapaja yao. Mwenye zizi hawezi kusema mbele ya wakwe, "hao si wangu." Wangeuliza basi wako ni yupi. Wangerudi Zagayu wakisema Masunga amejaza zizi kwa ng'ombe wa watu. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayemeza dawa.

Milembe alitoka na jagi la maji ya kunawa. Akaona fimbo ilipoelekea. Akasimama. Maji yakamwagika miguuni kwake. Kisha akaenda kuwanawisha wageni, mmoja mmoja, kwa magoti, kama kawaida.

Ningeweza kusema. Wanawake wana njia zao za kumwita mtu pembeni na kumnong'oneza. Ningemwita Masunga, tungetafuta maneno. Nilikaa nikakoroga mboga. Moyo ulikuwa unaruka, na haikuwa huzuni. Nilifurahi.

Jumamosi, 30 Septemba

Wameswagwa leo alfajiri kwenda Zagayu. Nimesikia kengele ya Karani ikipita nyuma ya duka.

Milembe hajamwambia mtu. Kwenye kundi letu la simu ameandika salamu za Jumamosi na picha ya maua.

Saa nne Bibi Kwandu amekuja dukani. Mjane mkubwa kuliko wote, analea wajukuu, shamba lake ni lile la mbugani ambalo likichelewa siku chache tu udongo unashika jembe na halilimiki tena. Mwaka huu yeye ni wa kwanza kwenye zamu. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, akakaa kwenye kigoda changu. Anataka kujua maksai wameshiba vizuri. Bosi na Mgeni peke yao hawawezi mashamba yote, kila mtu anajua. Nikamwambia akamuulize mwenyekiti.

Alipoondoka nilijisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Jumanne, 3 Oktoba

Simu imepigwa kutoka wilayani, Lagangabilili. Mwisho wa mwezi watapita kukagua asasi zote. Wanataka kuona mali kwa macho. Asasi ambayo mali yake haionekani inaweza kufutwa, na kilichobaki kikapewa asasi nyingine yenye kazi kama hiyo. Yaani Bosi na Mgeni nao waende.

Simu nilipokea mimi kwa sababu namba iliyoko wilayani ni yangu. Milembe hajui. Nilitakiwa kumpigia pale pale.

Sijampigia. Nimefikiria siku nzima. Wakija wakakuta maksai wawili, watauliza, Milembe atacheka kidogo, atasimulia ile habari yake, na afisa naye atafuta machozi. Namjua. Ataponyoka. Anayetangulia kusema ndiye anayesikika.

Alhamisi ninakwenda Lagangabilili. Nitawaambia mwenyekiti wetu ametoa ng'ombe wa wajane kumlipia shemeji yake mahari. Ni kweli. Sitaongeza chumvi.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimevaa kitenge kipya. Nimekwenda kwa bodaboda, vumbi limenijaa mpaka kope. Jengo la ofisi ni jipya, linanuka rangi. Nimekaa kwenye benchi na mzee mmoja mwenye kesi ya mipaka. Nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno kimoyomoyo. Nilitaka nionekane nimeumia.

Afisa maendeleo ya jamii ni binti mdogo, miwani mikubwa, sauti ya upole. Nikasema yote. Zizi, chapa, wakwe, fimbo. Nilisema "mwenyekiti" mara nyingi mno. Yeye anaandika tu.

Nilipomaliza akaweka kalamu chini akatabasamu. Akasema nimefanya vizuri sana. Asasi ikijisema yenyewe kabla ya ukaguzi, wanaipa muda wa kurekebisha. Inayongoja kukamatwa ndiyo inayopata shida.

Nikasema mimi sikuja kuisema asasi. Nimekuja kumsema mwenyekiti.

Akanitazama. Akaniuliza taarifa ya mwaka iliyoletwa mwezi uliopita, inayosema maksai wanne wapo na wanatunzwa vizuri, nani amesaini pamoja na mwenyekiti. Akaniuliza kama muhtasari wa kikao kilichowaweka maksai kwa Masunga upo. Haupo. Akasema kwa sheria uongozi ni wote. Hakuna wa kuchaguliwa katikati yetu kama ng'ombe wa mahari. Hayo ya mahari nimeongeza mimi, njiani, nikiwa nyuma ya bodaboda, nimekasirika.

Akanieleza la kufanya. Maksai warudi. Wavishwe hereni zenye usajili wa asasi. Kikao kiamue wapi watalala, na yeyote ambaye jambo linamgusa yeye au nyumba yake atoke nje wakati wa kuamua. Mtunzaji asaini mkataba. Muhtasari uandikwe. Mambo madogo. Yote nilikuwa nayajua. Yote niliyasema siku ile wakanicheka.

Nimekwenda kumchimbia mtu shimo, nimepewa kazi ya kulifukia.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimemwambia Milembe. Nilimkuta anapepeta mtama. Nikasema wilayani wanajua, wametupa nafasi, maksai warudi kabla ya mwisho wa mwezi. Nilijiandaa kwa swali moja: wamejuaje? Nilikuwa na jibu la uongo tayari mdomoni.

Hakuuliza. Aliweka ungo chini, akakaa, akatazama zizi. Akasema hajalala vizuri tangu siku ile ya wageni. Akasema Masunga aliahidi kununua wengine pamba ikiuzwa, na pamba yenyewe unaiona. Kisha akasema Alhamisi twende Zagayu, yeye na mimi. Mwenyekiti na katibu.

Kutouliza kwake kumenisumbua njia nzima. Baadaye nikaona ni bahati.

Alhamisi, 12 Oktoba

Zagayu. Nilitaka sana kumwona Milembe akidhalilika. Niandike ukweli, ndiyo maana nilikwenda.

Kurudisha ng'ombe wa mahari wakishaingia zizi la watu ni fedheha. Harusi inaweza kuvunjika. Masunga amekataa kuja, amesema mke wake asilete balaa. Jilala amekuja, anatembea nyuma yetu, haongei. Na nyuma ya Jilala mitamba wawili. Ni wa Milembe mwenyewe. Baba yake alimpa jike alipojifungua mtoto wa kwanza, wamezaliana, hao ndio waliobaki. Mitamba wazuri, ngozi inang'aa. Mmoja ana mimba.

Milembe alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya yule mzee mrefu. Nikapiga na mimi, maana ningefanyaje. Akasema kwa Kisukuma, bila kuzunguka: wale wawili walikuwa wa wajane, walikuwa kwetu kutunzwa tu, tuliogopa aibu tukanyamaza, kosa ni la nyumba yangu, wakwe zetu tupokeeni hawa. Hakumtaja Masunga. Hakulia. Kanga yake ilikuwa imechakaa, na bado alionekana kama amekuja kupokea kitu.

Mzee akainuka. Akazunguka mitamba. Akashika tumbo la yule mwenye mimba. Akacheka polepole, akasema katika maisha yake hajaona mtu anayekuja kupunjwa kwa magoti. Kisha akamwita mkewe alete maziwa ya mgando. Akamwambia Milembe, mwanamke kama wewe ndiye natamani binti yangu aishi karibu naye.

Hata kuaibika anaaibika vizuri. Mimi nilikaa pale na kibuyu cha maziwa mkononi, magoti yananiuma, nikiona wivu kwa mtu aliyepoteza ng'ombe wake wawili wa mwisho. Kuna kitu kimeharibika ndani yangu.

Jumanne, 17 Oktoba

Diwani na Karani wamerudi kijijini. Masunga hali chakula cha mkewe. Anakula kwa mama yake. Milembe amekuja dukani kununua kalamu, hana haja ya kalamu. Amekaa kidogo akaondoka.

Jumamosi, 21 Oktoba

Kikao kikuu. Wanawake wote wamefika, chini ya bati la kanisa. Ajenda: maksai walale wapi.

Milembe akasimama akasema nyumba yake imeguswa na jambo hili, anatoka nje, mwingine aongoze. Bibi Kwandu akashika kiti. Walijadili, wakakubaliana kwamba kwa Masunga basi. Kisha mtu mmoja akasema, mbona zizi la marehemu mume wa katibu liko tupu, na ua bado imara. Nikatakiwa kutoka mimi, Milembe akarudishwa ndani. Hivyo ndivyo afisa alivyosema, na niliandika mwenyewe kwenye kanuni: anayeguswa atoke.

Nikakaa nje kwenye jiwe, karibu na dirisha. Kioo hakuna. Nasikia kila kitu.

Mama mmoja alisema ana wasiwasi na mimi, eti nina kinyongo, uso wangu haufunguki. Moto ukanipanda. Kisha nikasikia sauti ya Milembe. Akawaambia asasi hii ingekuwa imefutwa. Akawaambia katibu alipanda bodaboda peke yake mpaka Lagangabilili, akakaa kwenye benchi, akatuombea radhi wote kabla wakaguzi hawajaja, na ndiyo sababu tumepewa muda. Mwenyekiti alijificha na picha za maua, akasema. Katibu ndiye aliyekwenda.

Vigelegele. Virefu. Vya kwangu.

Miaka nimevingoja vile vigelegele. Nimekaa kwenye jiwe nimeziba masikio. Sikuweza kuingia kusema si kweli, kanuni inanizuia. Nilijua naongopa hata nilipofikiria hivyo, maana mlango ulikuwa wazi.

Waliponiita ndani wamenipa maksai. Nimesaini mkataba wa kuwatunza. Mhuri nimeupiga upande.

Jumanne, 24 Oktoba

Wakaguzi wamepita. Yule binti wa miwani na mwenzake. Wamewahesabu maksai, wametazama hereni, wamesoma mkataba na muhtasari. Diwani amemlamba binti mkono. Wametuachia onyo moja la maandishi na maneno mazuri. Tumebaki.

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua ya Jumamosi imetosha. Leo tumeanza kwa Bibi Kwandu, udongo ungali laini.

Vitenge vyangu vyote vimelowa kwenye kamba, nikavaa kile kipya. Mpaka saa tatu kilikuwa tope hadi magotini. Diwani na Karani hawakunisikia. Nawaita, wanasimama. Nawapiga kidogo, wanageuza vichwa. Ndipo nikaona wanamtazama Milembe, anakuja kwa njia ya mtaroni na kikapu cha matobolwa, viazi vya kuchemshwa na kukaushwa. Alipiga mluzi wakaanza kuvuta. Hata ng'ombe.

Mchana tukakaa ukingoni, tunakula. Bibi Kwandu alikuwa mbali, anafukuza mbuzi. Nikasema. Sijui kwa nini leo. Nikamwambia sikwenda Lagangabilili kutuombea, nilikwenda kumshitaki.

Akaendelea kutafuna. Akasema anajua. Siku ile na yeye alikuwa njiani kwenda ofisi ile ile, kuungama. Akaniona nimekaa kwenye benchi, akamwambia bodaboda ageuze. Akakitazama kitenge changu, tope na yote. "Mtu wa kuomba radhi havai kitenge kipya," akasema.

Nikamuuliza kwa nini basi aliwaambia vile kikaoni.

Akasema wangekataa kunipa maksai, na zizi tupu lilikuwa langu tu. Wangelala wapi?

Niliona wivu tena, hapo hapo, mkali kuliko wote. Kisha Bibi Kwandu akatuita, tukaenda kushika jembe, yeye mbele na kamba, mimi nyuma. Tumemaliza shamba kabla jua halijazama.

Jioni nimewafungia. Zizi linanuka samadi tena. Diwani amelala wa kwanza, Karani bado anacheua. Kitenge nimekiloweka kwenye ndoo. Kesho zamu ya Mama Holo.